Klarineti ile haijafa

Bandugu, leo siandiki juu ya mihindi wala mbolea. Tangu niweke hapa ile foto ya klarineti iliyofunguliwa yote, vipande vimepangwa juu ya gazeti kama samaki sokoni, maswali yamekuwa mingi. Wengine waliuliza kama nimeacha agronomia. Sijaacha. Ila pole pole nimekuwa mutu wa kutengeneza vyombo vya fanfari, na nataka kueleza kazi yenyewe, juu kuko jambo ndani yake linaloniuma roho, na linagusa vijana wetu.

Jambo lenyewe njo hili. Karibu kila parokia yenye fanfari niliyoingia iko na kabati, na ndani ya kabati kuko klarineti mbili ao tatu zenye kulala. Ukiuliza, wanakujibu: "Ile ilishakufa." Nimefungua nyingi za namna hiyo. Kufa kwenyewe, mara nyingi, ni tampo moja isiyofunga vizuri, visi moja iliyokazwa kupita kiasi, ao resori moja iliyokatika. Pengo la unene wa karatasi. Na mbele haijawekwa mu kabati, kulikuwa mutoto aliyeipuliza miezi mizima, sauti ikikataa ao ikilia kama kuku, na mwalimu akimwambia: hujui kupuliza, ongeza mazoezi. Mutoto anaamini. Hakuna anayefikiri chombo kinaweza kuwa na kosa, juu kinang'aa na kilitoka Ulaya.

Ili uelewe sababu gani pengo dogo vile linaharibu kila kitu, lazima tuanze na bomba yenyewe.

Filimbi ya kawaida, ukiipuliza kwa nguvu zaidi, inaruka oktava moja: do inatoa do ya juu. Vidole sita vinakutosha karibu kwa yote, juu kisha noti saba unarudilia vidole vilevile. Klarineti haiko vile. Bomba yake iko na upana mumoja karibu kutoka juu mpaka chini, na upande wa mudomo, kwa hewa, ni kama umefungwa. Bomba ya namna hiyo hairuki oktava. Inaruka oktava na kenti juu yake, kitu ambacho Wafaransa wanaita duziemu. Maana yake: kutoka mi ya chini kabisa mpaka si bemoli ya katikati kuko noti 19, ukihesabu nusu-toni zote, na hakuna hata moja unayoweza kupata kwa kurudilia. Kila moja kati ya hizo 19 inadai namna yake. Na vidole je? Kumi. Toa kidole gumba cha kuume, ambacho kazi yake ni kubeba uzito wa chombo, karibu gramu 800. Vinabaki tisa.

Noti 19, vidole 9. Taabu zote za fundi wa klarineti zinatoka mu hesabu hiyo.

Johann Christoph Denner wa Nürnberg, mwanzoni mwa miaka ya 1700, alitoka na kle mbili tu. Kila kizazi kikaongeza zake. Mu 1812 Iwan Müller alipeleka Paris klarineti ya kle 13, zenye tampo za ngozi zilizojazwa vizuri na kufunga kweli. Kamati ya Konservatwari ikaikataa, lakini wapigaji wakaifuata tu. Kisha mwalimu Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet, kati ya 1839 na 1843, wakakamata wazo la pete ambalo Theobald Boehm alilitumia kwa filimbi, wakalitia mu klarineti: kle 17 na pete 6. Ile njo klarineti karibu zote zinazofika mukononi mwangu. Wakati huohuo, Brussels, Eugène Albert aliendelea na namna ya zamani ya kle 13 akiitengeneza vizuri zaidi, na wapigaji wengi wa jazi ya New Orleans walipiga ile. Wajerumani wako na yao mpaka leo. (Na kwa wale wanaofikiri klarineti haituhusu: Jean-Serge Essous aliipuliza mu OK Jazz tangu 1956. Rumba ilikua na sauti ile.)

Sasa angalia. Hakuna siku mutu alikaa akachora klarineti nzima kutoka mwanzo. Ni kama nyumba ya site ambayo wanaongeza chumba kila mutoto akizaliwa: mwishoni, ili mugeni afike mu chumba chake lazima apite jikoni. Ukiishi humo unazoea. Lakini siku fundi wa umeme anakuja kutafuta waya iliyokatika, anaanza kulaani.

Miye ninalaani kwanza mahali pa shingo, sehemu ya juu. Kuko tundu moja dogo nyuma, linalofunguliwa na kidole gumba cha kushoto. Kazi yake ya kwanza ni kusaidia sauti kuruka duziemu, na kwa kazi hiyo lazima liwe dogo na likae juu sana. Lakini wakalipa kazi ya pili: kutoa si bemoli ya katikati. Kwa si bemoli lingepaswa kuwa kubwa zaidi na kukaa chini kidogo. Tundu moja, mabwana wawili. Walichagua katikati, na njo maana si bemoli ile, ya katikati kabisa ya chombo, inatoka na pumzi-pumzi, kama mutu mwenye mafua. Ukipanua tundu, duziemu zinaharibika. Ukilipunguza, si bemoli inakufa. Kuko wafundi waliotengeneza mekanisme ya kutenganisha kazi hizo mbili. Zinafanya kazi, ila zinaongeza vipande vinavyoweza kuharibika, na zenye kuuzwa sana hazina. Kwa hiyo, mwalimu, ukisikia mutoto wako iko na si bemoli mubaya, usimukaripie. Mufundishe kuongeza vidole vya mukono wa kuume juu ya noti ile, sauti itanenepa kidogo.

Tundu hilo simulalamikie mutu. Ni fizika.

Yenye kuniudhi ni visi iliyo karibu yake. Kwa noti ya la, kidole cha shahada cha kushoto kinasukuma kle ya la, na kle ile inainua pia kle ya sol dieze iliyo pembeni. Kati ya hizo mbili wameweka visi ndogo sana ya kupima umbali. Ikilegea, la inatoka imefinywa na inashuka. Ikikazwa robo ya zunguko zaidi, kle ya la inainua tampo ya sol dieze hata kama hakuna aliyegusa kitu. Kidogo tu, hauoni kwa macho. Lakini tundu lile liko juu, karibu na mudomo, na hewa ikitoka pale, noti zote za chini yake zinakuwa ngumu ao zinalia. Yaani kosa liko juu, malalamiko yanatokea chini. Fundi asiyejua anafungua sehemu ya chini, anabadilisha tampo tatu, na hakuna kinachobadilika.

Kuko binti mumoja mu fanfari fulani, mwaka wake wa pili, ambaye walimuondoa ku klarineti wakamupa ngoma kubwa juu noti zake za chini zilikuwa zinakatika. Niliikamata klarineti yake siku ya posho nyuma ya repetisyo. Nikagusa kle ya sol dieze na kidole, nikaisukuma chini kidogo, nikamwambia apulize. Ikaitika. Nikalegeza visi ile robo ya zunguko, kwa turnevisi ya saa. Kazi ya dakika mbili. Nikamwambia sasa anaweza kurudi ku nafasi yake. Akacheka, akasema ameshazoea ngoma. Yuko anapiga ngoma mpaka leo, na anapiga vizuri, lakini miye kila nikiisikia nafikiri juu ya visi ile.

Daraja nalo. Klarineti inagawanyika sehemu mbili katikati, na juu ya maungano kuko vipande viwili vya chuma, kimoja cha juu, kimoja cha chini, vinapanda kimoja juu ya kingine. Kazi yao: ukifunga pete za mukono wa kuume, tampo moja ya sehemu ya juu inafunga pia. Unatumia ile kwa mi bemoli ya chini na si bemoli ya juu, shahada ya kushoto na shahada ya kuume. Muzuri sana. Lakini fikiria: chombo ambacho kila siku kinafungwa na kufunguliwa, mara nyingi na mutoto wa miaka 11 mwenye haraka, na kipande chepesi kupita vyote wakakiweka palepale mahali pa kufungia! Ukiunganisha bila kufinya kwanza pete za sehemu ya juu ili kipande chake kiinuke, unakikunja. Kikikunjwa chini kidogo, tampo ya juu inakawia kufunga; kikikunjwa upande mwingine, pete za kuume hazishuki mpaka mwisho. Fundisha kitu kimoja tu siku ya kwanza, hata mbele ya noti: finya pete za juu, kisha unganisha kwa kuzungusha pole pole, macho yako ku daraja.

Na chini kabisa, mekanisme ya vidole vidogo. Hapa njo napotumia saa zangu mingi. Ili kupata mi ya chini, ao si ya katikati ukifungua kle ya nyuma, kidole kidogo kinasukuma kle moja, lakini tampo mbili kubwa lazima zifunge: ile ya mi na ile ya fa. Zinaunganishwa na kipande chenye kufanana na muguu wa ndege, kilicho chini ya kle. Si moja kisha nyingine. Pamoja. Kama ya mi imeshagusa na ya fa imebakiza unene wa nywele, si ya katikati haitoki, ao inatoka ukikaza kidole mpaka kinauma. Na kila mwanafunzi wa klarineti siku anavuka kutoka noti za shingo kwenda ku si ile anafikia ukuta. Wengi wanaachia pale. Sehemu ni muziki, kweli, kuvuka pale ni kazi. Lakini sehemu ni muguu wa ndege.

Namna ya kupima ni rahisi. Kata kipande chembamba cha kanda ya kaseti ya zamani, ile ya kahawia. Iko nyembamba na haipasuki bure. Weka chini ya tampo ya mi, finya kle polepole sana, vuta: inakamata ao haikamati? Kisha chini ya fa, nguvu ileile ya kidole. Zote mbili lazima zikamate sawa. Kama fa haikamati, unabandika kipande kidogo cha liege juu ya muguu wa ndege, unasugua na papié vere mpaka zilingane. Kama mi njo haikamati, unasugua liege iliyopo. Ukizidisha, unarudi mwanzo. Ile si kazi ya nguvu. Ni kama kupima chumvi.

Tena kidole kidogo cha kuume kiko na kle nne, cha kushoto kiko na tatu. Inayokosa upande wa kushoto ni ya la bemoli na mi bemoli. Kwa hiyo kuko vipande vya muziki ambamo kidole cha kuume kinateleza kutoka kle moja kwenda ingine kama mutu anayevuka mutaro na mvua. Klarineti za bei kubwa ziko na levye ile ya nane. Zetu hazina. Tundu la do dieze, ambalo mahali pake pa haki ni palepale sehemu mbili zinapoungana, lilisukumwa juu kidogo juu hawakuwa na namna, na linapenda kujaa mate. Nayapita haraka mambo hayo, hayana dawa ku ateliye.

Sasa vifaa, juu njo swali lililorudi mara nyingi: unapata wapi pièce? Sipati. Na hapa agronomia inaingia, mutanisamehe. Siku moja nilikaa nikahesabu vitu vya ndani ya klarineti nzuri na nikaona ni shamba lenye kulala mu sanduku. Muti ni mpingo, Dalbergia melanoxylon, unaotoka hasa Tanzania na Musumbiji, unaokua polepole kwa miaka makumi mengi mbele ya kufaa. Ulimi wa kupulizia ni tete, Arundo donax, na ile inayosifiwa sana inalimwa Var, kusini mwa Ufaransa. Liege ni ganda la mwaloni wa Ureno na Hispania, ambalo wanachuna na kungojea miaka tisa mbele ya kuchuna tena. Tampo ni feltiri, yaani manyoya ya kondoo, juu ya karto, imefunikwa na bodrushi, ngozi nyembamba sana ya utumbo wa ng'ombe. Na gundi ya kushika tampo, gomalaki, ni kazi ya kadudu kanachoishi juu ya matawi ya miti kule Uhindi na Thailand. Mutu aliyesoma udongo, mimea na wadudu miaka mitano hayuko mugeni humo.

Gomalaki inayeyuka karibu digri 75 mpaka 80. Kwa ile unatumia taa ndogo ya alkoli: toa kle ku chombo kwanza, usipashe moto kle ikiwa bado juu ya bomba, zaidi sana kama bomba ni plastiki. Tone ndani ya kikombe cha kle, weka tampo, rudisha kle mahali pake, ipashe kidogo sana, funga, acha tampo ijitafutie usawa wake juu ya tundu. Ukikosa gomalaki, vijiti vya kole ya moto vya sokoni vinasaidia. Ni mbaya kidogo, vinavutika, lakini vinashika. Kole ya kiatu hapana. Inashika vizuri sana, na siku ya kurekebisha utalia.

Tampo zenyewe ziko za milimita 9 mpaka 17 hivi, na kila mutengenezaji iko na upendeleo wake. Nimeona watu wanakata tampo ndani ya sandali za plastiki. Siku ya kwanza zinafunga, wiki ya tatu zimeshakamata umbo la tundu vibaya na hazirudi. Afazali ngozi laini ya mbuzi, nyembamba sana, juu ya feltiri na karto. Müller alitumia ngozi mu 1812, haiko aibu. Sauti inakuwa nzito kidogo, lakini ngozi haipasuki kama bodrushi na mende hawaipendi sana. Kwa matundu madogo ya juu, kizibo cha divai kinafaa, kama ni kile cha kipande kimoja. Kile cha vipande-vipande vilivyogandishwa kinavunjika ukikikata chembamba.

Resori. Nyingi ni sindano za chuma cha buluu zilizopenya mu nguzo ndogo. Mate na unyevu vinazila, moja inakatika, kle inalala, na chombo kizima kinaitwa maiti. Sindano ya kushonea ya unene ule ule inafanya kazi yake: kata upande wa jicho, ipashe moto polepole mpaka rangi iwe buluu, usivuke pale juu ikivuka inakuwa laini, ponda mwisho wake na nyundo kidogo ili ikamate mu nguzo, kunja kidogo upande wa kusukuma. Ya kwanza itavunjika. Ya pili pia. Sindano hazina bei.

Mafuta ya mashini ya kushona kwa visi ndefu, tone moja ku kila mwisho, si zaidi, juu mafuta yakifika ku tampo imekwisha. Kwa liege ya maungano, nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta kidogo.

Sitaki mufikiri kila kitu kinaponeka. Kuko klarineti za bei ya chini sana ambazo kle zake zilimwagwa na chuma laini kisichojulikana, kimepakwa rangi ya feza. Maishori ya kweli, ile ya shaba, nikeli na zinki, unaweza kuikunja ikarudi, ikivunjika unaweza kuichoma. Ile ingine inakatika kama biskuti, na ukileta moto inayeyuka mbele haijashika. Sitataja jina la mutu wala duka. Lakini nimeona fanfari inapokea klarineti sita mupya za namna hiyo, sherehe, foto, baraka, na nyuma ya mwaka mumoja nne haziwezi hata kufunguliwa juu visi zimekula njia zake. Kwa bei ya zile sita wangepata mbili za zamani, za maishori, zenye kuchakaa lakini zenye kutengenezeka. Waliofanya kozi ya mashini za kilimo mu promosyo yetu wanajua hadisi hii: pompi ya mugongo ya kumwagia dawa, muzuri, mupya, inakufa juu ya kajointi kadogo ka mupira ambacho hakiuzwi popote. Na visi za klarineti ni hivyohivyo: hakuna kipimo kimoja cha kuwaunganisha watengenezaji. Visi ya moja haiingii mu ingine. Nimeweka kopo moja nalo lina visi za maiti wa kweli kumi na tatu, na kila mara yenye natafuta haimo.

Ningekuwa na nafasi ya kuongea na wanaochora vyombo hivi, singewaomba levye ya nane wala si bemoli safi. Ningewaomba mambo mawili: visi za kipimo cha kawaida, na kle ambazo unaweza kutoa moja bila kutoa nne zingine. Juu leo, ili nifikie tampo moja ya sehemu ya chini, natoa kwanza levye mbili za kushoto, kisha kle ya fa, kisha nyingine, kwa mupango fulani ambao haukuandikwa popote. Nauandika miye na kalamu juu ya gazeti, kila visi imelala pembeni ya jina lake. Ukichanganya visi mbili zenye kufanana lakini zenye kupitana nusu milimita, jioni yako imekwisha.

Tena kwa sisi wa Katanga, kuko kipwa. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa hewa inakauka sana, na muti unapungua upande wa upana. Pete za chuma za maungano zinalegea, zinaanguka zenyewe mukononi. Ukiona vile usipige gundi haraka: zungushia uzi mwembamba ao kipande cha karatasi chini ya pete, ngojea mvua. Na usitoe klarineti ya muti ku baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba ukaipuliza nguvu papo hapo. Ndani inapata moto na maji, inje iko kavu na baridi, muti unapasuka. Ipashe kwanza chini ya koti, ndani ya mikono. Ya plastiki haina shida hiyo, na kwa mutoto anayeanza napenda plastiki, hata kama wazee wa fanfari wananicheka.

Kwa hiyo, mwenye iko na klarineti "iliyokufa," afanye hivi mbele ya kuitupa. Kamata sehemu ya juu peke yake. Funga matundu yake kwa kidole gumba na vidole vitatu vya kushoto, ziba chini na kiganja cha kuume, weka mudomo juu, vuta hewa kama unanyonya. Ikishika ulimi wako sekunde mbili, tatu, iko muzima. Ikiacha hewa, sikiliza wapi, na uanze na ile visi ya la. Sehemu ya chini vilevile: vidole vitatu vya kuume, finya kle ya mi, ziba upande mumoja, vuta upande mwingine. Ikiacha hewa, kaseti chini ya tampo moja moja. Mara nyingi utakuwa umeshamupata mwizi mbele chai haijapoa.

Kazi ingine, ya kupasha moto na kukunja, leteni, siku ya posho niko pale. Silipishi fanfari za watoto isipokuwa vifaa. Na mwenye iko na kaseti za zamani zisizosikilizwa tena asizitupe, kanda zinanikwishia.